Daftari la Mwendelezo

Kazi yangu ilikuwa kukumbuka.
Sigara imeungua hadi wapi. Kifungo cha pili, kimefungwa au la.
Divai katika bilauri: vidole viwili, si vitatu.
Maana filamu hupigwa vipandevipande, mwisho kabla ya mwanzo,
na anayeunga asipokuwa na macho
mtu ataingia mlangoni na koti jeusi
atokee sebuleni na la kijivu,
na watazamaji, toka Lille hadi Marseille, watacheka penye kilio.

Ukurasa wa kwanza wa Évariste Coudrin una mstari mmoja:
"Mhudumu. Sinia mkono wa kulia. Chunusi kidevuni, pakaza poda."
Alipewa maneno matatu: Kahawa yako, bwana.
Aliyasema mara kumi na saba,
kwa kuwa nyota wetu alikuwa amelewa
na kila akiinua kikombe kikombe kilimcheka.
Mara ya kumi na saba Évariste aliyatamka
kana kwamba ndiyo kwanza afumbue kinywa tangu azaliwe.
Nilimtazama mwongozaji.
Mwongozaji alikuwa akitazama saa.

Kisha akafa. Akafa sana.
Risasi bega la kushoto, gatini, Calais.
Kisu, ngazi za nyuma, damu isivuke ukosi.
Akazama mto Rhône mwezi wa Februari, mara nne,
na kila alipoopolewa meno yakigongana
aliuliza: "Nimekufa vizuri?"
Mama yake, mfumaji wa kiwandani Roanne, akaacha kwenda sinema.
"Nilizaa mmoja tu," alisema,
"mbona kila Pasaka nakalia matanga?"

Televisheni ikamvika joho.
Jaji Vaucelle, Alhamisi usiku, miaka kumi na mmoja.
Nywele zake zilianza kuota mvi katikati ya kesi ya mrithi wa kinu,
tukazipaka rangi, tukachoka, tukaziacha,
nikaandika: "Jaji amezeeka. Ruksa."
Sokoni Nantes muuza kome alimpimia kilo, akamzuia kuondoka:
shemeji yake amejenga ukuta, umeingia uwanjani kwake hatua mbili.
Évariste alifikiri. Akakunja uso ule wa Alhamisi.
"Pimeni upya, mbele ya mashahidi."
Baada ya mwezi ikaja kadi ya shukrani, na kome wengine,
waliooza njiani.

Mara moja tu waliitana naye wale wakubwa,
wanaosema runinga ni uchochoro na sinema ndiyo barabara.
Wiki sita Bretagne, mvua ya kulalia na kuamkia.
Aliongea peke yake dakika tisa, mbele ya dirisha,
na mshika taa, mtu mgumu, Ludovic Mazerolles,
alijifanya vumbi limemwingia jichoni.
Walipomaliza kukata, kilichobaki ni kisogo.
Kisogo, sekunde nne.
Alikuwa amemwalika dada yake, na gauni jipya.
Walipotoka, dada akamshika mkono:
"Nilikijua papo hapo. Ni kisogo cha baba."

Mwaka huu nilipanda kwake Roanne, ghorofa ya tatu, lifti mbovu.
Runinga ilikuwa ikirudia Alhamisi za zamani.
"Jaji huyu ana haraka," aliniambia.
"Angemsikiliza yule mama."
Akanimiminia kahawa. Akaketi. Akainuka.
Akanimiminia kahawa, ikafika ukingoni.
Mara ya tatu alisimama na birika mkononi,
kikombe bado kimejaa, akitafuta pa kumwaga,
na usoni mwake pakapita kitu
ambacho katika filamu hamsini na tatu sikuwahi kukiandika.
Nami, niliyewahi kusimamisha watu arobaini na farasi sita
kwa ajili ya kifungo kimoja,
nikainywa yote kwa mkupuo, ulimi ukaungua,
nikamsogezea kikombe kitupu.
"Kahawa yako, bibi," akasema.
Daftari lilikuwa mkobani. Sikulitoa.